Kusimama na Vyombo vya Watu

Watu wengine hustaafu kwa barua yenye muhuri. Mimi nimestaafishwa na shingo. Juzijuzi mtu aliniita kwa nyuma pale sokoni Makambako, nikataka kugeuza kichwa, shingo ikagoma, ikabidi nigeuke mzima mzima kama lori linalotafuta pa kuegesha. Kumbe alikuwa anamwita mtu mwingine. Nikasema basi, imetosha.

Ninyi vijana wa kikundi mmeniomba niandike kazi yetu ilivyoanza, maana siku hizi mnaalikwa kwenye matamasha, mnawekewa kipaza sauti mdomoni na kuulizwa maana ya mnachofanya. Maana siijui. Ninachoweza kuwapa ni yale niliyoyaona, na mengine niliyaona kwa pembe ya jicho tu, kwa sababu kazi yenyewe ilikataza kugeuka.

Mimi ni mtu wa Yakobi, kijiji cha jirani na Njombe mjini. Mama alinisomesha hadi kidato cha nne kwa kuchuma pareto na kulima viazi, na alichotaka ni kitu kimoja: niwe karani, nikae kwenye kiti, mvua inyeshe nje na mimi niwe ndani. Nilimaliza shule, nikapanda lori la mbao kwenda kutafuta huo ukarani, na lile lori likanionjesha barabara. Nikawa utingo. Nikachuma chai. Nikalala Tunduma, nikalala Songea, nikarudi tena Tunduma bila sababu. Mpaka leo nikisikia lori linapanda mlima kwa gia nzito, miguu inaniwasha. Nilifika Makambako kwa sababu barabara zote zinafika Makambako. Mtu asiyejua anakokwenda lazima apitie pale.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yaliyokuwa matupu yalipoanza kujaa. Ninyi hamwezi kuelewa. Tulikuwa tumezoea duka lenye chumvi na muuzaji. Ghafla kukawa na ndoo za plastiki za kila rangi, chupa za chai zenye maua ya waridi, mabeseni yamepangwa mpaka darini. Watu walishuka kutoka vijijini, hawana senti, wanasimama dirishani kuangalia ndoo. Familia nzima, na nguo za kanisani. Wanaangalia, wanarudi.

Mzee Shabani ndiye aliyeona kwamba hapo pana kazi. Alikuwa mtu wa Kondoa, mwanasarakasi wa zamani katika kikundi cha utamaduni cha shirika moja la umma. Shirika lilipofungwa wakubwa waligawana magari, wadogo wakagawana viti, yeye akaondoka na sinia alilokuwa akilizungusha juu ya kijiti. Nilipokutana naye hakuwa tena na kiuno cha kubiruka. Alikuwa amekaa nje ya duka la vyombo, anatazama watu wanavyotazama ndoo.

"Kijana, wewe unaweza kufanya nini?" akaniuliza.

"Chochote, Mzee."

"Chochote sitaki. Unaweza kutofanya kitu?"

Nilidhani ananitukana. Nikamjibu kwamba ndicho ninachofanya tangu nimalize shule. Akacheka, akaniambia nije kesho asubuhi na nisinywe chai. Hilo la chai lishikeni. Nimeona vijana wenye vipaji wakiharibikiwa na kikombe kimoja.

Siku ya kwanza alinipa ndoo ya bluu iliyojaa maji. Akaitoboa ubavuni, chini karibu na kitako, kwa msumari wa moto, akaniwekea ngata ya kanga kichwani, akanitwisha, akanisimamisha njia panda ya kwenda sokoni. Masharti yake yalikuwa mafupi. Husemi. Husogei. Na mwisho si wako, mwisho ni wa kitu. Yaani ndoo ikiwa na maji, wewe bado upo kazini. Tone la mwisho likidondoka, umemaliza. Usiseme umechoka. Hakuna aliyekuuliza.

Akaniambia pia nisikaze magoti, maana magoti yaliyokazwa huangusha mtu kama mti. Na uso uwe wa mtu anayesubiri basi, usiwe wa mtu anayesulubiwa. "Ukitia huruma usoni watakupa hela na kuondoka," alisema. "Sisi tunataka wabaki."

Maji yakaanza kunichuruzika begani. Watu wakajaa. Wa kwanza kusema alikuwa mwanamke mmoja mwembamba mwenye ushungi mwekundu, muuza mitumba. Baadaye nilikuja kumjua kwa jina la Mama Zuhura, naye ndiye aliyekuja kutushikia kikundi kwa miaka yote ile, lakini siku hiyo alikuwa mpita njia tu.

"Kaka, ndoo yako inavuja."

Nikanyamaza.

"Nasema inavuja! Jamani, hasikii huyu. Ndoo inavuja maji, yeye anavuja akili."

Watu wakaangua kicheko. Mama Zuhura hakucheka. Alikwenda, akarudi na sufuria, akaikinga chini ya bega langu. "Maji ya Makambako hayamwagwi hovyo," akasema. Sufuria ikajaa, akaleta nyingine. Mwingine akaleta kidumu. Wakapanga foleni. Asubuhi nilikuwa nimeanza kama msanii. Adhuhuri nilikuwa bomba. Wawili waligombana kuhusu nani alitangulia, na mmoja akanilalamikia mimi kwamba natoa maji polepole.

Mzee Shabani alikaa pembeni akitafuna mhindi, anafurahi kama mtu aliyeoa. Jioni akaniambia, "Umeona? Hukufanya kitu, na mji mzima umefanya kazi."

Ile ndoo niliibeba miezi mingi. Na nikiwa nayo kichwani ndipo lilipotokea jambo lililonifuata miaka yote ya kazi hii.

Mama alikuja Makambako na viazi vyake. Hakujua nipo, barua yangu ya mwisho ilisema nafanya kazi mjini, jambo ambalo halikuwa uongo. Alishuka kwenye lori, akaona kundi la watu wanacheka, akasogea kuona wanachocheka. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Akapita katikati ya watu mpaka mbele yangu. Nilikuwa nimelowa upande mmoja, mtoto wa mtu amekinga kopo kwenye kiwiko changu.

"Tumaini," akasema. "Mwanangu. Nani kakufanya hivi?"

Ndoo ilikuwa na maji nusu. Sikujibu.

"Tumaini, ni mimi mama yako."

Sikujibu. Mtu mmoja akamwambia, "Mama, huyo hasemi mpaka maji yaishe." Mama akamtazama yule mtu, akanitazama mimi. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akanifuta bega, maji yakalilowesha tena. Akakikunja kile kitambaa, akaondoka. Tone la mwisho lilipodondoka nilikimbia hadi kwenye malori ya viazi. Lake lilikuwa limeshaondoka.

Nilikwenda Yakobi wiki iliyofuata na sukari na sabuni. Alitoka, akasimama mlangoni, hakunipisha.

"Kamwene, mama," nikamsalimu.

"Kamwene. Umepona?"

"Sikuwa mgonjwa. Ile ni kazi."

"Kazi ni ile ambayo mama yako akikuita unaweza kuitika." Alisema kwa sauti ya chini, kama anayenipa maelekezo ya njia. "Nimekuita mbele ya watu mara mbili, umeninyamazia. Haya. Siku utakayopata kazi, mlango huu utafunguka. Kabla ya hapo tutakuwa tunatumiana salamu."

Mtasema kwamba ninyi, mkiambiwa hivyo na mama zenu, mngeacha siku ileile. Sikuacha. Nilikuwa nimezunguka nchi nzima nikitafuta mahali pa kutulia, nikapata pale pale njia panda, chini ya ndoo. Lakini mjue ukweli wa mtu anayependa barabara: anaipenda kwa sababu nyuma yake kuna mlango. Mlango huo ukifungwa, safari inakuwa si safari tena, unakuwa umepotea tu. Nilipita Yakobi kwenye mabasi kwa miaka, nikaangalia moshi wa jiko lake kupitia dirishani, na sikushuka.

Tuendelee na kazi. Baada ya ndoo ikaja mitumba. Mama Zuhura alifungua belo, na Mzee Shabani akanivalisha nguo zote, moja juu ya nyingine: mashati, masweta, makoti ya wanawake wa Ulaya wenye mabega makubwa, mpaka mikono ikasimama pembeni kama ya kisanamu cha kutishia ndege. Mwisho ungekuwa nguo zikiisha mwilini. Tulidhani watu watasimama watazame, wawaze. Walikuja kununua.

"Hili la kijani la ndani hapo, linauzwaje?"

"Lipo chini ya mengine saba, baba," Mama Zuhura akamjibu. "Nunua ya juu kwanza ulifikie."

Wakaninunua ganda kwa ganda kama kitunguu. Walinipima mabega, walinigeuza kola, mmoja alinusa kwapa la sweta nikiwa ndani yake. Biashara ilikwenda vizuri kupita kiasi. Mteja wa mwisho alinunua suruali niliyokuja nayo kutoka nyumbani, Mama Zuhura akapokea hela kabla ya kuangalia. Mwisho ni wa kitu, ndiyo, lakini tangu siku ile nilikuwa natia alama nguo zangu kwa uzi mwekundu. Nanyi fanyeni hivyo.

Njombe mjini tulikuwa tunakwenda wakati wa baridi kali, mwezi wa sita na wa saba, na beseni. Unakaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji yaliyolala nje usiku kucha, mpaka jua liyapashe. Wanaoijua Njombe wanajua kwamba mwezi wa saba jua huja kama mgeni asiyetaka kukaa. Unapaka mafuta ya mgando hadi magotini, na unahesabu vidole vyako kwa mawazo ili usivisahau.

Adui wa kazi hii Njombe hakuwa baridi. Adui alikuwa wema. Makambako wananicheka, na kicheko ukikizoea kinakupasha moto. Njombe wananihurumia. Mzee mmoja alinivika blanketi lake. Wasichana wa kwaya walisimama wakaimba. Bibi mmoja alileta birika la maji ya moto na kulimimina kwenye beseni kabla Mzee Shabani hajamfikia, na kazi ya asubuhi nzima ikaishia hapo.

"Bibi, umeniharibia!" Mzee Shabani akalia.

"Nimeharibu nini? Mtoto wa watu anakufa miguu, wewe umekaa na koti!"

Koti lilikuwa zuri kweli.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa Meza. Nilikuwa napiga magoti na kushika chini kwa mikono, mgongo sawasawa, natandikwa kitambaa, madereva wanakula ugali juu yangu. Mwisho ni sahani ikiwa tupu. Mara ya kwanza dereva mmoja aliona natetemeka, akamwita mama ntilie. "Dada, meza yako inacheza hii, iwekee kijiti." Na kijiti kikaletwa, kikachomekwa chini ya goti langu la kushoto. Kilinisaidia sana. Siku nyingine mtu asiyefikiri alitua sufuria ya maharage iliyotoka motoni bila kuweka ngata chini yake. Kovu lake ni duara kamili, mke wangu anaweza kulitumia kupimia chapati. Nilinyamaza mpaka maharage yakaliwa, nao wakaongeza.

Kuna msomi mmoja alipita na gari lake, akatutazama hadi mwisho, akatuambia kwamba tunachofanya kinafanywa pia Ulaya, kina vitabu, kina jina. Mzee Shabani akafikiri. "Kama kina jina," akasema, "basi na dawa itakuwepo."

Dawa nilikwenda kuitafuta hospitali ya Ikonda. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kufa ganzi, na kichwa kikikaa upande mmoja kinataka kubaki hukohuko. Daktari alinibonyeza shingo, akatazama picha, akauliza kazi yangu.

"Kusimama."

"Mlinzi?"

"Hapana. Kusimama tu. Na vitu kichwani."

"Mpagazi."

"Mpagazi anafika mahali, daktari."

Akaacha kuandika. Aliniambia pingili mbili za shingo zimesagika kama za mzee wa miaka sabini, na kwamba nikiendelea kubebesha shingo mizigo, siku moja mkono utalala usiamke. Nilimshukuru. Ndugu mmoja wa Yakobi alikuwa analaza mgonjwa palepale. Nilijua habari itafika kwa mama kabla yangu. Ikafika. Mama akatuma neno moja: pole.

Mnajua tabia ya mtu wa kazi. Nilirudi, nikafanya beseni tu, nikafundisha wengine ndoo. Halafu akaja Mwinjilisti wa usharika wa Yakobi, kanisa letu la Kilutheri.

Alikuwa kijana mchangamfu aliyetuona Njombe. Sikukuu ya mavuno ilikuwa inakaribia, na alitaka mnada wa sadaka uchangamke. Kwa ninyi mliokulia kwingine: watu wetu huleta mavuno kanisani, maboga, mayai, kuku, mahindi, na baada ya ibada vinanadiwa nje, pesa inakwenda kanisani. Akauliza kama tunaweza kusimama pale.

"Mimi ni Mwislamu, mwanangu," Mzee Shabani akasema.

"Mnada uko nje, Mzee. Nje ni kwa wote."

Mzee akanigeukia mimi. Alijua ule ndio usharika wa mama, na alijua habari za shingo. Nami nikafikiri: uwanja wa kanisa lile uko ng'ambo tu ya barabara na nyumba yake. Ni nje ya mlango wake, lakini ni ndani ya macho yake. Akiniona nimesimama mbele ya Mchungaji, mbele ya wanakwaya wenzake, huenda jambo hilo akaliita kazi. Nikakubali.

Tulipanga hivi: nibebe sadaka mwilini, na kila inayonunuliwa ishushwe. Kiroba cha viazi shingoni, kikikalia mabega. Kikapu cha mayai mkono huu, jogoo kwapani, mafungu ya maharage kiunoni, boga kwenye mkono mwingine. Kitu kikiuzwa, mnunuzi anakuja kukichukua. Cha mwisho kikiondoka, nimemaliza. Kwa hesabu yetu, ilikuwa kazi nyepesi kuliko zote, maana mzigo wenyewe unapungua kadiri watu wanavyopenda. Jambo moja halikuwa kwenye hesabu yetu. Mzee Shabani hakulijua, na mimi nilikuwa nimekaa mbali na ibada kwa muda mrefu.

Mama alikuwepo, na sare ya kwaya. Aliponiona nimesimamishwa karibu na meza ya sadaka aligeuka akanipa mgongo. Mgongo ulionyooka. Alikaa hivyo tangu kuku wa kwanza aliponadiwa.

Mnadi alikuwa mzee wa kanisa, Mzee Mgaya, mwenye sauti ya kuamsha maiti na utani wa kuwaudhi. "Jogoo huyu ameshikwa na kijana wa hapahapa, hajaongea, hajatikisika! Jogoo anahema kuliko mshikaji! Nani anaanza?" Jogoo akaenda. Mayai yakaenda. Boga likagombewa na mashemeji wawili. Watu walifurahi mno, nami nikawa mwepesi upande mmoja, nikabaki na kiroba cha viazi peke yake.

Kikanunuliwa mara moja na mwenye duka. Akaja mbele, akakishika kiroba, nikalegeza mabega kukiachia. Akainua mkono. "Narudisha kwa Bwana!"

Makofi. Na ndipo nilipokumbuka. Kwetu, mtu mwenye moyo hanunui sadaka akaondoka nayo. Ananunua, anairudisha, inanadiwa tena. Kadiri kitu kinavyorudi, ndivyo usharika unavyojivunia.

Kiroba kikatulia tena shingoni. Mwalimu mkuu akakinunua, akarudisha. Umoja wa akina mama wakachanga, wakanunua, wakarudisha kwa vigelegele. Mzee Mgaya alikuwa amepata wazimu wa furaha. "Viazi hivi vimebarikiwa! Havitaki kuondoka!" Mkono wangu wa kulia ukaanza kwenda. Kwanza vidole, halafu kiganja, halafu sikujua tena kama ninao. Goti likaanza kucheza, na hapakuwa na wa kuniwekea kijiti.

Nilimwona Mzee Shabani kwa mbali, anahangaika. Hakuelewa kabisa. Baadaye aliniambia alidhani viazi ni vibovu, kila anayevinusa anavikataa. Akaamua kuniokoa mwenyewe. Akapiga kelele kutoka nyuma, akataja bei, na usharika mzima ukageuka kumtazama yule mzee wa baraghashia aliyenunua sadaka ya Walutheri. Walimshangilia mpaka kengele ikatikisika. Akaja mbele amejaa haya, akanishika begani, akaninong'oneza, "Pole, sasa nakutua." Halafu akaangalia nyuso zile zote zinazomngojea, akaona kila muungwana pale amesema neno fulani. Akainua mkono.

"Narudisha kwa Bwana!"

Nimemsamehe. Ila mjue kwamba katika kazi yetu mtu atakayekuangusha ni yule aliyekufundisha kusimama, na atafanya hivyo kwa adabu.

Kwaya ikaombwa iimbe kumshukuru mgeni. Kuimba ni lazima ugeuke. Mama akageuka. Sikumtazama usoni, sikuweza, lakini niliona sare yake ikisimama bila kutikisika wakati zile nyingine zinayumba na wimbo. Hakuwa anaimba. Yule ni mwanamke aliyebeba kuni, maji, viazi na watoto tangu utoto wake. Shingo inayokwenda anaijua. Wimbo haujaisha, akatoka kwenye mstari.

"Mzee Mgaya, nadi."

"Subiri, Mama Tumaini, wimbo..."

"Nadi!"

Akataja bei yake. Mwenye duka akapandisha, kwa utani. Mama akamtazama, naye akajitoa. Mnadi akagonga meza. "Viazi ni vya Mama Tumaini! Na sasa mama anasemaje?" Watu wakajiandaa kupiga makofi.

"Sirudishi," mama akasema.

"Mama," Mzee Mgaya akasema kwa upole, kama anayezungumza na aliyefiwa, "hata ndugu yetu Mwislamu amerudisha."

"Amefanya vizuri. Mimi navipeleka nyumbani. Nitavipika."

"Mama Tumaini, mbele ya kanisa jamani!" mwenzake mmoja wa kwaya akamnong'oneza, kwa mnong'ono wa kusikika hadi barabarani. "Watasema una uchu."

"Waseme. Mimi na wewe tutaonana Jumatano kwenye mazoezi."

Akaja mbele yangu. Akaingiza mikono yake chini ya kiroba, akakitoa shingoni kwangu, akakiweka kichwani kwake bila ngata, bila kuomba msaada. Cha mwisho kilikuwa kimeondoka. Nilikuwa nimemaliza, ruhusa ya kusema ninayo.

"Lete mama nibebe," nikasema.

"Kwa shingo gani?" Akaanza kutembea. Nikamfuata, mkono wa kulia unaning'inia kama wa mtu mwingine.

Kutoka uwanja wa kanisa mpaka kwake ni mwendo mfupi, lakini usharika wote ulikuwa unatoka kwa njia ileile. Mnajua inavyoonekana: mama mtu mzima ana kiroba kichwani, nyuma yake mwanamume mzima mikono mitupu. Nimesimama na ndoo, nimekaa kwenye barafu, wamekula ugali mgongoni kwangu. Hakuna nilichobeba kizito kama ile mikono mitupu.

"Tumaini, huoni aibu?"

"Mtazameni! Wa kusoma huyo!"

"Mama, mtwishe huyo akubebee, ana kazi gani?"

Nilifungua mdomo nieleze. Shingo, Ikonda, pingili. Mama hakuweza kugeuka, mzigo ulikuwa kichwani, akasema mbele akitazama njia yake:

"Nyamaza. Usiwajibu. Si ndiyo kazi yako?"

Nikafunga mdomo. Tukavuka barabara. Mlangoni alisimama, akasukuma mlango kwa mguu, akainama apite na kiroba chake, akauacha wazi.